Kiungo na Nukta: Historia ya Kuunganisha Sentensi katika Kiswahili cha Maandishi, kwa Kuangalia Kibondo na Kasulu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari wa Kasulu hufundishwa kuunganisha sentensi mara mbili, katika vipindi viwili visivyosemezana. Katika kipindi cha Kiswahili anaelezwa kwamba kiunganishi ni aina ya neno, kisha anapewa orodha: na, au, lakini, bali, kwa sababu, hata hivyo, kwa hiyo. Katika kipindi cha Kiingereza anaelezwa kwamba sentensi mbili kamili zinazokaribiana kimaana huweza kuunganishwa kwa nuktamkato, ikifuatiwa na kielezi chenye maana ya "hata hivyo" au "kwa hiyo", na kisha mkato. Kwa kuwa masomo mengine karibu yote ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kanuni hii ya pili ndiyo inayorudiwa zaidi, nayo ndiyo anayorudi nayo katika Kiswahili. Akifika chuo kikuu na kuandika tasnifu kwa Kiswahili, atakutana na msomaji anayemtaka aitumie na mwingine anayemkataza. Mwandishi wa insha hii amewahi kurudishiwa rasimu moja na wasomaji wawili. Wa kwanza aliongeza nuktamkato kabla ya kila hata hivyo. Wa pili alizifuta zote na kuweka nukta. Hakuna kati yao aliyetoa sababu, na katika vitabu vya sarufi vilivyokuwa mezani hapakuwa na jibu la kutosha.

Insha hii inaitafuta sababu hiyo katika historia. Hoja yake ni kwamba katika Kiswahili kazi ya kuunganisha sentensi ilifanywa, na ingali inafanywa, na maneno na viambishi. Nuktamkato iliingia katika maandishi ya Kiswahili kwa mkono wa mhariri na mfasiri, na nje ya orodha za kisheria haikupata kazi inayoifanya yenyewe, pasipo msaada wa kiungo. Ikiwa hoja hii ni ya kweli, basi uunganishaji wa mwandishi wa Kiswahili upimwe kwa kiungo alichokichagua kabla ya kupimwa kwa alama aliyoiweka au aliyoiacha.

Kibondo na Kasulu zimeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni nyanda za Waha, ambako lugha ya nyumbani ni Kiha na Kiswahili kilifika zaidi kama lugha ya serikali, shule na ibada kuliko kama lugha ya sokoni. Pili, ni sehemu yenye vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, ambavyo wahitimu wake huwafundisha wengine kuandika. Tatu, ni sehemu yenye kambi za wakimbizi, ambako Kiswahili kilichosomewa Tanzania hukutana na waandishi waliosomea kwa Kifaransa. Majina Kibondo na Kasulu yanatumika hapa kwa mipaka ya kabla ya 2012, yaani pamoja na maeneo ambayo sasa ni wilaya za Kakonko na Buhigwe. Matini zinazojadiliwa ni zile zilizochapishwa. Sentensi za mifano zimetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Sentensi kabla ya nukta

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya kuandikwa kwa hati za Kirumi. Chuo cha Tambuka, kinachojulikana pia kama Chuo cha Herekali, kina hati ya 1728. Katika hati za tenzi, vipande vya ubeti hutengwa kwa vialama vidogo. Vialama hivyo vinahesabu mizani na kumwongoza msomaji wa sauti, lakini havionyeshi uhusiano wa kimantiki kati ya kipande na kipande. Uhusiano huo umo ndani ya maneno.

Barua za nathari zinaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi. Mkusanyo wa C. G. Büttner uliochapishwa Berlin mwaka 1892 uliweka mbele ya wasomaji wa Ulaya maandishi ya Waswahili yaliyokuwa katika hati za Kiarabu. Barua ya aina hiyo hufunguliwa kwa salamu na dua, kisha huja ama baadu au wa baadu, na hapo msomaji anatambua kwamba salamu zimekwisha na shauri limeanza. Kwa hiyo mpaka mkubwa kuliko yote katika barua, ambao leo tungeuonyesha kwa aya mpya, ulionyeshwa kwa maneno mawili. Mipaka midogo ilionyeshwa kwa na, basi, hata, kisha na tena.

Isidhaniwe kwamba huo ulikuwa upungufu wa Waswahili peke yao. Kiarabu chenyewe, ambacho Waswahili walichukua hati kwake, kiliunganisha sentensi kwa viambishi na maneno kwa karne nyingi. Mfumo wa alama za uandishi unaofanana na wa Ulaya ulipata kitabu chake cha kanuni mwaka 1912, pale Ahmad Zaki alipochapisha risala yake mjini Cairo. Barua za pwani zilikuwa zikienda na kurudi zamani za Büttner, na wenye kuzipokea walizisoma bila nuktamkato.

Mbali na maneno, Kiswahili kilikuwa na kitenzi. Kiambishi -ka- kinaambatanisha tukio na lile lililotangulia. -Ki- kinaliweka tukio moja ndani ya wakati au sharti la jingine. Chukua maelezo haya yasiyo na alama yoyote: mzee aliondoka asubuhi akafika mtoni akakuta maji yamejaa basi akarudi. Msomaji hapotei. Anajua pale tukio moja linapokwisha na jingine linapoanza, kwa sababu kila kitenzi kinakuja na nafsi yake na kiambishi chake, na basi inamweleza kwamba kurudi kulitokana na maji. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alikieleza kiambishi -ka- kuwa ni cha usimulizi. Tunaweza kuongeza kwamba ni cha uunganishaji pia, kwani hakisimami bila kitu cha kukitangulia, hata kama kitu hicho kimeachwa kieleweke tu.

3.0 Nukta za mhariri

Nuktamkato ina kwao. Mwishoni mwa karne ya 15 mchapishaji Aldus Manutius wa Venice aliitumia katika kitabu De Aetna cha Pietro Bembo, ili kuonyesha kituo kilicho kirefu kuliko mkato na kifupi kuliko nuktambili. Ilienea Ulaya kwa njia ya mitambo ya uchapaji, na ilipofika Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuwa desturi ya kila mtu aliyesoma Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa.

Katika Kiswahili tunaweza kuona mlango iliyoingilia. Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha hadithi za Zanzibar mwaka 1870, na jina la kitabu chake linasema wazi kwamba ni hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji. Msimulizi alisema, Steere akaandika. Basi, hata siku moja, akaenda, akamwona, haya yalitoka kinywani mwa msimulizi. Mkato, nuktamkato na nukta zilitoka kwenye kalamu ya mwandishi. Katika ukurasa mmoja kuna mifumo miwili ya kuunganisha, mmoja wa masikio na mmoja wa macho, na ule wa macho umewekwa juu ya ule wa masikio bila kuuondoa.

Jambo kama hilo lilitokea kwa tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip. Kwa msomaji wa Kigoma maandishi hayo yana uzito wa pekee, kwani safari zinazosimuliwa zinapita Ujiji. Tippu Tip aliandika kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliyahamishia katika hati za Kirumi na kuyachapisha mwaka 1902 na 1903. Kila nukta tunayoiona leo katika matini hiyo ni uamuzi wa mhariri kuhusu mahali pa kukata mfululizo ambao mwenyewe aliuandika ukiwa umeshikana.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati ilisanifisha tahajia na kukagua vitabu vya shule. Vingi kati ya vitabu vya kusoma vya miaka hiyo vilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Johnson na E. W. Brenn, ilitoka mwaka 1929. Mfasiri huchukua sentensi ndefu ya Kiingereza, hutafuta maneno yake kwa Kiswahili, na mara nyingi huacha alama mahali pake. Ndiyo maana nuktamkato ilienea katika vitabu bila kuelezwa darasani. Watoto waliiona kabla ya kufundishwa kazi yake.

Kitabu kilichoieneza zaidi bara ni Biblia. Tafsiri ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, ina nuktamkato karibu katika kila ukurasa, na mara nyingi inafuatiwa na na, lakini, maana, au kitenzi chenye -ka-. Kwa maneno mengine, hata pale alama ilipowekwa, kiungo hakikuondolewa. Mtu anayesikia mstari ukisomwa kanisani Kabanga haisikii nuktamkato. Anasikia maana na lakini, naye anafuata hoja ya mtume bila shida. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 ilipopendelea sentensi fupi zaidi, viungo vilibaki kuwa nguzo ya matini.

Mahali pamoja tu ambapo nuktamkato ilipata kazi yake yenyewe ni katika sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 hupanga aya ndogo (a), (b), (c), na kila aya hufungwa kwa nuktamkato hadi ya mwisho. Hapo alama inafanya kazi ambayo neno haliifanyi vizuri: inasema kwamba vipengele vyote hivi vinaning'inia kwenye kishazi kimoja cha juu. Muhtasari wa kikao cha kijiji unaoorodhesha maazimio huiga desturi hiyo, nayo ni desturi njema. Hata hivyo, nuktamkato ya orodha haiunganishi hoja na hoja. Inapanga vitu vya daraja moja.

4.0 Njia ya Kiswahili kupanda Buha

Kiswahili kilifika Ujiji na misafara ya biashara katika karne ya 19, lakini nyanda za juu za Waha hazikuwa njia nyepesi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji, alitozwa hongo mara kwa mara katika nchi ya Uha hata akaamua kupita kwa siri usiku. Ujiji palikuwa na Waswahili wa kukaa. Heru, Muhambwe na Buyungu palikuwa na watawala wao na lugha yao. Kwa hiyo watu wa nyanda hizo hawakukipata Kiswahili kwa kuzaliwa nacho wala, kwa sehemu kubwa, kwa ujirani na pwani.

Kiliwafikia kwa njia nyingine. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wajerumani waliendesha utawala kwa Kiswahili cha makarani. Wabelgiji walioitwaa Kigoma mwaka 1916 waliishikilia sehemu hiyo hadi 1921. Kisha Waingereza wakaendelea na Kiswahili katika ngazi za chini za serikali. Vijana wengi wa Kibondo na Kasulu walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wakiwa manamba, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Kule walijifunza Kiswahili cha kambi, na kutoka kule waliandika, au waliandikiwa, barua za kurudi nyumbani. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia watu katika vijiji. Kila kijiji kikahitaji mwenyekiti, katibu na daftari la mihtasari. Kampeni ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970 iliwapa wengi wao kalamu.

Katika njia zote hizo hakuna mahali ambapo kanuni ya nuktamkato ilifundishwa kwa mpangilio. Karani alijifunza kwa kunakili barua za aliyemtangulia. Katibu wa kijiji alijifunza kutoka katika waraka uliotoka wilayani. Walichopokea kwa uhakika ni viungo, na namna ya kuandika iliyojengwa juu yake: Baada ya salamu. Ama baada ya hayo. Basi. Tena. Ndipo. Kwa hiyo tunaomba. Msahihishaji wa leo anayeziona sentensi hizo kuwa za "kizamani" au za "kimkoa" anaona kwa kweli uhai wa desturi ya barua za pwani, iliyopanda mlima kwa miguu ya makarani na manamba.

5.0 Viungo vyenyewe

Viungo vya Kiswahili vina asili mbili kuu. Kundi la kwanza limetoka Kiarabu: lakini, bali, ila, au, ama, wala, aidha, hata, sababu, baada, kabla, halafu, maadamu, ilhali. Kundi la pili limejengwa kwa vipashio vya Kibantu: na, kisha, kwamba, ingawa, ijapokuwa, isitoshe, ndipo, ndiyo maana. Kati yake kuna viungo vya maneno mawili au matatu ambavyo leo ndivyo vinavyotegemewa zaidi na lugha ya kitaaluma: kwa hiyo, hata hivyo, zaidi ya hayo, licha ya hayo, pamoja na hayo.

Viungo hivi vya mwisho vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndivyo vinavyolinganishwa na vielezi vya Kiingereza vinavyotanguliwa na nuktamkato. Kila kimoja kina kionyeshi chenye -o: hiyo, hivyo, hayo. Ashton aliiita hiyo -o ya urejeshi, kwa maana inaelekeza kwenye jambo lililokwisha kutajwa. Mwandishi anapoandika kwa hiyo, anasema "kwa jambo lile nililotoka kulieleza". Kifundo kimo ndani ya neno. Vielezi vya Kiingereza vya kundi hilo, kwa umbo lake la leo, havionyeshi kwa uwazi hivyo kile vinachokirejelea, na kanuni yake ya alama inasaidia kumwambia msomaji kwamba sentensi mbili zisitenganishwe mno. Katika Kiswahili msaada huo haukosi mahali, lakini si wa lazima. Nukta kabla ya Kwa hiyo haikati uhusiano wowote, kwani hiyo inavuka nukta na kushika sentensi iliyopita.

Hilo linaeleza kwa nini wasomaji wawili waliotajwa mwanzoni walikuwa sahihi kwa pamoja na wakosefu kwa pamoja. Nuktamkato na nukta zote zinakubalika kabla ya hata hivyo. Lisilokubalika ni mkato peke yake, si kwa sababu Kiingereza kinaukataza, bali kwa sababu msomaji hatajua kama hata hivyo ni ya kishazi kilichopita au kinachofuata. Tazama: Mvua ilichelewa, hata hivyo, wakulima walipanda. Je, mvua ilichelewa hata hivyo, au wakulima walipanda hata hivyo? Hapa alama ina kazi, nayo inaweza kufanywa na nukta au nuktamkato sawasawa.

Hatari kubwa zaidi iko katika maana ya kiungo. Mfano ulio wazi ni aidha. Kwa asili yake ya Kiarabu ina maana ya "vilevile", na kwa maana hiyo hufungua aya nyingi za barua za serikali. Lakini wapo waandishi wanaoitumia kwa maana ya "ama", katika muundo wa aidha hiki au kile, kwa kuwa mlio wake unafanana na neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Tuseme tangazo linasema: Mwombaji alete barua ya mtendaji wa kijiji. Aidha, alete cheti cha kuzaliwa. Mwombaji aliyezoea maana ya pili atafunga safari kutoka kijijini hadi Kibondo mjini akiwa na karatasi moja, na atarudishwa. Kosa hilo halitibiwi na alama yoyote.

Mfano wa pili ni tena. Leo mwanafunzi akianza sentensi kwa tena kwa maana ya kuongeza hoja, huandikiwa pembeni aweke vilevile au aidha. Lakini kamusi ya Johnson ya 1939 inaitambua tena kwa maana hiyohiyo, na Biblia ya Union inaitumia. Katika Kirundi, ambacho kinakaribiana na Kiha kiasi kwamba wasemaji wake huelewana, na huunganisha nomino ilhali kandi huunganisha vishazi na kubeba pia maana ya kuongeza jambo. Ariko hupinganisha, na kuko hutoa sababu. Mtoto aliyelelewa katika lugha za jamii hiyo huja shuleni akiwa na mfumo kamili wa kuunganisha hoja. Anapochagua tena mahali pa kuongeza hoja, huenda anatafuta mwenzi wa kiungo anachokijua, na anachokipata ni Kiswahili cha zamani kilicho safi. Kumsahihisha kunaweza kuwa halali kwa ajili ya mtindo wa sasa, lakini kumwambia kwamba hajui kuunganisha ni kumdhulumu.

Mwisho, historia ya walakini inaonyesha kwamba Waswahili wenyewe waliutambua uzito wa viungo. Neno hilo lilianza kama kiungo cha kupinganisha, kisha likawa nomino yenye maana ya dosari. Jambo lenye walakini ni jambo ambalo sentensi yake haijakwisha, bado kuna neno la kulipinga.

6.0 Pale kiungo kinapobeba hatima

Mjadala huu usingekuwa na uzito kama ungehusu tasnifu peke yake. Katika Kibondo na Kasulu kuna maandishi ambayo uunganishaji wake huamua mambo ya watu.

La kwanza ni maandishi ya mahakama. Mahakama za Mwanzo zimeendesha kesi na kuandika hukumu kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tuchukue maelezo ya kubuni kuhusu ng'ombe walioingia shambani. Mchungaji alitukana; mwenye shamba alimpiga. Nuktamkato inasema kwamba mambo mawili yanahusiana, lakini haisemi yanahusianaje. Mchungaji alitukana, mwenye shamba akampiga inasema kipigo kilifuata tusi. Mchungaji alitukana, ndipo mwenye shamba akampiga inasogea karibu na kusema kwamba tusi ndilo lililofungua njia ya kipigo. Mwenye shamba alimpiga kwa sababu mchungaji alitukana inatoa sababu kamili na kuweka dai la uchokozi katika kumbukumbu. Sentensi nne, tukio moja, na nafasi nne tofauti za utetezi. Hakimu anayeandika hukumu hana budi kuchagua, na mkata rufaa husoma uchaguzi wake.

La pili ni kumbukumbu za wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikapokea Warundi. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya kwa ajili ya Warundi mwaka 2015. Wanafunzi wa Kikongo husoma mtaala wa kwao kwa Kifaransa, na Kifaransa humfundisha mwandishi kuacha nafasi kabla ya nuktamkato, jambo ambalo mwalimu wa Kitanzania atalisahihisha kama uzembe. Hilo ni dogo. Kubwa ni maelezo yanayosimuliwa kwa mdomo na kuandikwa na mwingine.

Tuseme mama anasema: Waliingia kijijini usiku, tukakimbia. Kiambishi -ka- kimeunganisha mambo mawili kwa mfuatano, na kimemwachia msikilizaji aone sababu mwenyewe, kama usimulizi wa Kiswahili ulivyofanya tangu zamani. Mwandishi wa kumbukumbu anaweza kuandika: Waliingia kijijini. Walikimbia. Hapo kiungo kimepotea na mwenye kusoma faili atauliza kama kuna uhusiano wowote. Au anaweza kuandika: Walikimbia kwa sababu waliingia kijijini, na hapo ameongeza dai ambalo mama hakulisema kwa umbo hilo. Akihojiwa mara ya pili na kusema kwamba walikuwa wamekwisha kufunga mizigo tangu juzi yake, faili litaonekana kuwa na maelezo yanayopingana, na upinzani huo utahesabiwa kuwa ni wake. Kumbe umetoka kwenye kalamu ya mwandishi, kama vile nukta za hadithi za Zanzibar zilivyotoka kwenye kalamu ya Steere. Tofauti ni kwamba msimulizi wa Zanzibar hakuwa na haki ya kupoteza.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha tabaka tatu. Tabaka la chini ni la viungo na viambishi, lililotosha kwa barua na hadithi kwa karne nyingi. Juu yake wahariri na wafasiri, kuanzia Steere hadi Biblia ya Union, waliweka alama za Ulaya bila kuondoa viungo. Tabaka la juu kabisa ni kanuni ya darasa la Kiingereza, inayohamishiwa katika Kiswahili cha kitaaluma kana kwamba matabaka mawili ya chini hayapo.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa kwa walimu na watahini. Kwanza, uunganishaji wa sentensi upimwe kwa swali hili: je, kiungo kilichotumiwa kinaeleza uhusiano uliopo kati ya hoja mbili? Kwa hiyo isiyotanguliwa na sababu ni kosa, hata ikiwa na nuktamkato mbele yake na mkato nyuma yake. Pili, nuktamkato ifundishwe wazi kwa kazi ambazo Kiswahili kimeipa: kupanga vipengele vya orodha vinavyotegemea kishazi kimoja, na kutenga vishazi kamili pale mkato unapoacha utata. Isitumike kuficha uhusiano ambao mwandishi hajauamua. Tatu, wanaofunzwa kuandika kumbukumbu za mahakama, za vijiji na za mahojiano wafundishwe kulinda kiungo cha msemaji. Akisema -ka-, kumbukumbu isiandike kwa sababu bila kumuuliza.

Mwanafunzi wa Kasulu tuliyeanza naye hahitaji kuchagua kati ya vipindi vyake viwili. Anachohitaji ni kuelezwa kwamba nyumbani kwao, kanisani au msikitini kwake, na katika barua za wazee wake, sentensi zimekuwa zikiunganishwa kwa ustadi siku zote, na kwamba kazi ya shule ni kumpa uwezo wa kuona kifundo anachokifunga. Akishakiona, suala la nukta au nuktamkato litakuwa suala la pumzi na mpangilio, na watahini wake wawili wanaweza kuendelea kutofautiana kuhusu jambo hilo bila yeye kupoteza alama.